Mossberg 940 Pro Sporting: shotigani ya visahani kwa mtu mfupi mwenye bajeti ya kubana

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengine mnasoma haya mkiwa mmesimama mbele ya kaunta na muuzaji anawatazama. Kama umbo lako ni dogo, unataka kupiga visahani vya udongo wikendi bila kurudi nyumbani na bega limevimba, na huna dola elfu tatu za bunduki ya mitutu miwili kutoka Italia, chukua Mossberg 940 Pro Sporting. Kama mikono yako ni mirefu na mwili wako ni wa wastani, ishike kwanza Beretta A300 Ultima kabla hujatoa hela kwa kitu kingine chochote. Kama mfuko haujakaa vizuri, tafuta Remington 1100 iliyotumika na kutunzwa. Mimi nilichukua hiyo ya kwanza na ninaipenda sana. Yanayofuata ni sababu zangu.

Naishi Columbus, Ohio, na jimbo hili lina historia ndefu na mchezo huu. Mashindano makubwa ya trapu ya Marekani, Grand American, yalikuwa na makao yake Vandalia, jirani na Dayton, tangu 1924, hadi yalipohamia Sparta, Illinois, mwaka 2006. Ukishika barabara ya I-71 kwenda kaskazini unafika Marengo, na hapo Cardinal Center ina safu ya viwanja ambayo ukisimama mwanzo wake mwisho huuoni vizuri. Na Annie Oakley, yule mwanamke aliyezunguka dunia akionyesha ustadi wa kulenga, alizaliwa wilaya ya Darke, magharibi mwa Ohio, mwaka 1860. Kimo chake kilikuwa kama futi tano tu. Namtaja kwa makusudi. Mimi nina futi tano na inchi moja, na kila nilipoambiwa dukani "hii kubwa kwako dada, chukua ile ya watoto", yeye ndiye niliyemkumbuka.

Kwa walio nyumbani ambao hawajauona mchezo wenyewe: kisahani kina upana wa milimita 108, kimefinyangwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, na kinakatika vipande kikiguswa na marisau machache tu, vile vidonge vidogo vilivyojazwa ndani ya risasi ya shotigani. Kwenye trapu mnasimama watu watano kwa mstari, yadi 16 nyuma ya kibanda chenye mashine, na kisahani kinakimbia kikienda mbele yako kwa pembe usiyoijua. Kwenye skiti kuna vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, unazunguka vituo vinane, na visahani vinapita mbele yako kukata uwanja. Ile ya tatu wenyewe wanaiita sporting: unatembea porini kituo hadi kituo, na kila kituo kina ujanja wake. Kimoja kinakuja usoni, kingine kinaviringika ardhini kama sungura anakimbia, kingine kinadondoka kutoka juu ya miti. Trapu na skiti ni visahani 25 kwa mzunguko. Sporting mara nyingi ni 50 au 100, na hapo ndipo bega linapoanza kuhesabu.

Hilo la bega ndilo lililonifikisha kwenye nusu-otomatiki, yaani bunduki inayotoa ganda na kujipakia risasi nyingine yenyewe. Wazoefu wengi viwanjani wanapiga kwa bunduki ya mitutu miwili iliyopandana, na Olimpiki karibu wote wanatumia hizo. Ni bunduki tamu. Unaweza kuweka choki tofauti (kile kibano cha mdomoni kinachoamua marisau yatawanyike kiasi gani) kwenye kila mtutu, maganda yanabaki mkononi mwako, na kila mtu akikuona umeifungua anajua haiwezi kulipuka. Lakini iliyo nzuri inaanzia dola elfu mbili na kupanda, na za bei ya chini zinapiga teke zito kwa sababu hakuna kitu ndani yake cha kulipunguza. Kwa dola zisizofika 1,200 nusu-otomatiki ya gesi inakupa upole ambao bunduki ya mitutu miwili ya bei hiyo haiwezi kukupa. Gharama yake ni usafi. Pia maganda yanaruka upande wa kulia, kwa hiyo kwenye trapu jirani yako wa kulia atayapata kwenye mkono au shingoni. Kuna kishikio kidogo cha kuzuia ganda, dola chache tu, unakibandika pembeni ya tundu la kutolea. Nunua siku hiyo hiyo. Ni heshima kwa jirani.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo sijaona likielezwa vizuri kwa Kiswahili, nalo ni urefu wa kitako.

Bastola na raifo zina shabaha mbili, ya mbele na ya nyuma, unazilinganisha. Shotigani ina kishanga kimoja tu mbele. Shabaha ya nyuma ni jicho lako. Kwa hiyo kitako kikikukalisha jicho juu zaidi, marisau yanakwenda juu. Kikikukalisha pembeni, yanakwenda pembeni, na hakuna bisibisi ya kurekebisha isipokuwa kurekebisha kitako chenyewe. Shotigani nyingi zinatoka kiwandani na urefu wa inchi 14 hadi 14 na nusu, kupima kutoka triga hadi mwisho wa mpira wa kitako. Hicho ni kipimo cha mwanamume wa futi tano na inchi kumi. Mimi ninahitaji inchi 13, na nikivaa koti la baridi inapungua tena.

Kitako kirefu kinafanya nini? Ukiinua bunduki, mpira unanasa kwenye nguo chini ya kwapa kabla haujafika begani. Ukishafika, haukai kwenye lile shimo la bega, unakaa kwenye msuli wa mkono, na hapo ndipo michubuko ya bluu inapotokea. Mkono wa mbele unanyooka hadi kiwiko kinajifunga, na ili kupata uwiano unaegemea nyuma. Mtu aliyeegemea nyuma anasukumwa na risasi ya kwanza, na ya pili anaipiga akiwa bado anatafuta miguu yake. Halafu watu wanasema wanawake hawaiwezi geji 12, ule upana wa mtutu unaotumika zaidi. Kwa sisi wanawake kuna na jambo la ziada: ile ncha ya chini ya kitako inachoma kifuani ikiwa haijageuzwa nje kidogo. Hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza hilo. Nililijua kwa kuuliza mama mmoja wa Marengo, mtu mzima mwenye mvi, ambaye alinishika bega, akaisogeza bunduki sentimita moja, akaniambia nipige. Tofauti niliisikia papo hapo.

Jaribio la dukani ni hili, na halina gharama. Omba muuzaji afungue bolti mwangalie nyote wawili kwamba chemba ni tupu. Elekeza mtutu mahali salama anapokuonyesha. Chagua doa ukutani juu, funga macho, inua bunduki mpaka shavu na bega vikae bila kulazimisha, kisha fumbua. Kama unaona kishanga kimekaa katikati ya ukanda wa juu ya mtutu na umeona kipande kidogo tu cha ukanda huo, bunduki inakufaa. Ukiona nyuma ya bolti tu, kitako kiko chini mno kwako. Ukiona ukanda wote kama barabara, kiko juu. Rudia tena na tena ukiwa na koti utakalovaa uwanjani. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, maduka ni mengi.

Mossberg 940 ndiyo iliyoshinda hapo. Kitako chake kinarekebishika kutoka inchi 12 na nusu hadi 14 na robo kwa kuweka au kutoa vipande vya plastiki kati ya kitako na mpira, na kuna vipande vingine vya kukishusha, kukipandisha na kukigeuza kulia au kushoto. Nilikaa na fundi wa duka kwenye meza yake ya nyuma. Alitoa skrubu mbili za mpira kwa bisibisi ndefu, akavuta vipande, akarudisha mpira, akanipa. Nikainua. Bado kilikuwa kinanasa. Akatoa kingine. Nikainua tena macho nimefumba, nikafumbua, na kishanga kilikuwa pale pale kinapotakiwa. Kazi nzima ilikuwa ya muda wa kunywa kikombe cha chai, hakuna mbao iliyokatwa, na dada yangu mrefu akija kunitembelea narudisha vipande naye anapiga. Kufuli la usalama liko juu, mgongoni mwa bunduki, linasukumwa kwa dole gumba. Kwa mtu wa mkono wa kushoto hiyo ni nafuu kubwa, kwani nyingine nyingi zimeliweka karibu na triga kwa ajili ya wa mkono wa kulia.

Jambo la pili ni namna bunduki inavyojiendesha, na hapa msikubali kuchanganywa na maneno ya matangazo. Kuna njia mbili.

Ya gesi: mtutu una vitundu vidogo. Risasi ikilipuka, gesi kiasi inachepuka kupitia vitundu hivyo, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti nyuma, ganda linatolewa, springi inarudisha bolti na risasi mpya. Kwa kuwa sehemu ya nguvu inatumika kwa kazi hiyo na inasambaa kwa muda mrefu kidogo, bega linasikia msukumo badala ya pigo. Ubaya wake ni masizi. Gesi ya baruti ni chafu, na uchafu wote unabaki pale kwenye pistoni.

Ya inesha: hakuna vitundu. Bunduki nzima inaporuka nyuma, bolti inabaki palepale kwa kitambo kidogo sana, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Hilo linabana springi nene iliyo ndani ya bolti, na springi ikifunguka ndiyo inayoendesha kila kitu. Benelli wa Urbino, Italia, ndio waliofanya mfumo huu ujulikane, na kampuni ya Stoeger, iliyo katika familia moja na Benelli, inautumia kwenye M3000 inayotengenezwa Uturuki kwa bei ndogo. Bunduki hizi ni safi ajabu, nyepesi, na sehemu zake ni chache. Wawindaji wa bata wanazipenda na wana haki. Lakini zinahitaji teke ili zifanye kazi, na sehemu kubwa ya teke hilo inafika begani mwako. Kwa visahani 100 asubuhi moja mimi hapana. Na risasi nyepesi, zile nzuri kwa mazoezi, wakati mwingine hazitoi nguvu ya kutosha kuiendesha bunduki mpya ya aina hii, ndiyo maana utaelekezwa uanze na risasi nzito mpaka ilainike. Mtu mdogo akianza na risasi nzito kwenye bunduki nyepesi anajifunza kitu kimoja: kuogopa. Akishaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, kuliondoa ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo kwa visahani nasema gesi, na uzito usiuogope. Watu wengi dukani wanafurahia bunduki nyepesi kwa sababu wanaishika dakika mbili. Uwanjani unaibeba imefunguliwa begani au kwenye kigari, unaiinua sekunde chache kwa kila kisahani. Uzito wa kilo tatu na nusu hivi unatulia, mtutu unaendelea kufuata kisahani hata baada ya kupiga, na teke linapungua. Bunduki ya kuwindia ya kilo tatu ni nzuri kwa anayetembea kutwa. Wewe hutembei kutwa.

Beretta A300 Ultima niliipiga kwa kuazimwa na jamaa mmoja wa hapa, Mkongo wa Bukavu, ambaye tunakutana uwanjani na kuongea Kiswahili hadi Wamarekani wanatugeukia. Beretta ni kampuni ya tangu 1526, lakini hii inatengenezwa Gallatin, Tennessee, na ilitoka mwaka 2022 ikauzwa chini ya dola elfu moja. Ni ya gesi. Tundu la kujazia limepanuliwa, vidole haviumii unapoingiza risasi, na inalainika begani kwa namna inayokufanya uangalie kama kweli umepiga. Kwa mtu wa mwili wa kawaida nadhani hakuna kitu bora zaidi kwa hela hiyo. Kitako chake kinakaribia inchi 14 na nusu. Kuna vipande vya kurekebisha mteremko, yaani jinsi kitako kinavyoshuka chini ya usawa wa mtutu, ila kukifupisha kufika kipimo changu kungenihitaji fundi na msumeno. Jamaa ana mikono kama ya mcheza kikapu, kwake imekaa kama imeshonwa. Kwangu ilinisukuma nje.

TriStar Viper G2 nayo ni ya gesi, inatoka Uturuki, na inapatikana kati ya dola 500 na 700. Wapo wanaoidharau kwa sababu ya bei na nchi. Mimi siidharau. Uturuki wana miji midogo mkoani Konya, kama Huğlu, ambako kutengeneza shotigani ni kazi ya familia kizazi hadi kizazi, na bunduki nyingi zenye majina ya Kimarekani zinatoka huko. Kama bajeti yako imeishia hapo na unapiga mara mbili kwa mwezi, itakutosha.

Ila nitoe tahadhari kuhusu za bei ya chini kabisa, zile ambazo jina lake hulisikii mara mbili. Niliwahi kupewa moja nijaribu, sitaitaja. Kwenye kituo cha tatu cha skiti ganda liligoma ndani ya chemba. Bolti ikasimama nusu njia, ganda limeuma, kucha ya kutolea imeruka juu ya ukingo wake. Tuliweka mtutu chini, tukatoa risasi zilizobaki, ikabidi tuingize fimbo ya mbao mdomoni mwa mtutu kulisukuma. Watu wanne walikuwa wanasubiri. Sehemu ya tatizo ilikuwa risasi: nyingi za bei rahisi zina ganda ambalo upande wa nyuma ni chuma badala ya shaba, na chuma kikishatanuka kwa shinikizo la mlipuko hakirudi kama shaba, kwa hiyo chemba iliyosuguliwa vibaya inaking'ang'ania. Bunduki iliyosuguliwa vizuri inavumilia. Ndiyo maana kabla ya kununua yoyote pitisha kidole mdomoni mwa chemba, na mwombe muuzaji taa uangalie ndani. Ukiona mistari ya mashine kama ya sahani ya santuri, rudisha.

Remington 1100 inastahili heshima yake peke yake. Ilitoka mwaka 1963, imeuzwa kwa mamilioni, na ukikaa kwenye benchi la uwanja wowote wa Ohio utaona wazee wanaipiga hadi leo, mbao zake zimepauka pale shavu linapokaa. Ni nzito kidogo, ni ya gesi, na upole wake bado ni kipimo ambacho bunduki mpya zinalinganishwa nacho. Iliyotumika unaipata kwa dola 400 hadi 700 kutegemea hali. Cha kuangalia: kuna kipete cha mpira chembamba kinachokaa kwenye bomba la magazini, kinazuia gesi isitoroke. Kikikatika bunduki inaanza kusuasua, haitoi maganda, na mwenye nayo anaiuza akidhani imekufa. Kipete kipya ni dola mbili tatu. Funua kizibo cha mbele, vuta mtutu, kiangalie kwa macho yako. Angalia pia kama mtutu umeandikwa inchi 2¾, kwani hiyo ndiyo risasi utakayotumia. Kitako cha mbao kinaweza kufupishwa na fundi, na mbao iliyokatwa unaihifadhi ukitaka kuirudisha. Kama duka langu lisingekuwa na 940 siku ile, ningeondoka na 1100 bila kinyongo.

Nirudi kwenye yangu. Mtutu inchi 28. Choki zake zinatokeza nje kidogo ya mdomo wa mtutu, unazibadilisha kwa vidole kati ya vituo. Kishanga cha mbele ni plastiki inayonasa mwanga, inang'aa hata wingu likiwa zito, na Ohio wingu halikosi. Sehemu za ndani zinazopitiwa na gesi zimepakwa nikeli-boroni, na Mossberg wanasema inakwenda hadi risasi 1,500 kabla ya kusafishwa. Mimi sisubiri huko. Baada ya kila wikendi mbili natoa mtutu, nafuta pistoni na bomba kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na masizi yanatoka bila kukwangua. Mafuta yawe kidogo. Ukimwaga mengi yanashika unga wa baruti na kugeuka gundi.

Ambacho sikipendi sana ni sura. Ni plastiki nyeusi, haina mbao, na mtu anayependa uzuri wa mbao ya mjozi (walnut) kwenye 1100 ya zamani ataiona imenuna. Pia mbele ni nzito kidogo kuliko A300, jambo ambalo kwenye trapu linanisaidia na kwenye skiti kituo cha nane, kisahani kinapokujia usoni na huna muda, linanichelewesha. Bei yake inapita dola elfu moja, kwa hiyo neno nafuu lina mipaka yake. Lakini nilipiga hesabu ya kununua ya dola 600 kisha kulipa fundi akate kitako, aweke mpira mpya na kurekebisha mteremko. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, na hapo bado ingekuwa na kipimo kimoja tu.

Risasi: nunua za aunsi moja, ambazo ni kama gramu 28, marisau namba 8, mwendo wa futi 1,150 hadi 1,200 kwa sekunde. Bunduki yangu inajiendesha hata na zile za gramu 24, kipimo cha Olimpiki, bila kulalamika, na ndizo ninazompa mgeni. Aunsi moja na moja ya nane ni ya wazee wa trapu wanaopigia yadi 27, wewe huna haja nayo. Choki: kwa yadi 40, ile ya full inaweka karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la inchi 30, modified karibu 60, improved cylinder karibu 50. Kwa anayeanza weka improved cylinder kwa skiti na sporting, modified kwa trapu, kisha achana nazo. Nimeona watu wanabadilisha choki kila kituo kana kwamba kosa liko mdomoni mwa mtutu, wakati shavu lao halijagusa kitako.

Kuhusu kununua kwenyewe, kwa sababu naulizwa sana na Watanzania na Wakenya wa hapa. Dukani utajaza fomu ya shirikisho namba 4473, na duka litapiga simu au kuingia mtandaoni kwenye mfumo wa FBI kukuangalia. Mwenye green card anaruhusiwa, aje nayo pamoja na kitambulisho cha jimbo chenye anwani yake ya sasa. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa kwenye sheria, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji. Fomu inauliza kuhusu bangi na inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho, kwa hiyo Ohio kuhalalisha hakukusaidii. Na tafadhali sana, usimnunulie rafiki ambaye mwenyewe hawezi kununua. Hilo ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa mtu ambaye karatasi zake bado zinasubiri linaweza kumaliza kila kitu. Wala usifikirie kuifungasha kwenye kontena na friji kwenda Tanga: Tanzania ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2015, Kenya ina yake, na Marekani nayo ina masharti ya kuitoa nje.

Kama bado hujashika bunduki maishani, usianze na kununua. Nenda uwanjani siku ya wanachama, sema wewe ni mgeni. Viwanja vingi vina bunduki za kukodisha, na wazee pale wanapenda sana kufundisha, utawachoka wewe. Beba miwani ya kinga na vizibo vya masikio, vaa viatu vya kufunika vidole na shati lililofunga shingoni maana ganda la moto likiingia kifuani utacheza ngoma usiyoijua. Bolti inabaki wazi mpaka ufike kituoni na zamu yako ifike. Kwenye trapu unaweka risasi moja tu, hata kama bunduki inabeba nne. Mpe mwenye bunduki ya kitako cha inchi 14 na nusu shukrani, piga mzunguko mmoja, kisha tafuta aliye na ya inchi 13 upige mwingine, na uangalie bega lako kwenye kioo usiku ule.